Mbwa ananuka samaki: majibu kuhusu tezi za harufu

Barua za safari hii karibu zote zinatoka Dar es Salaam, na karibu zote zinalalamikia uvundo mmoja. Tumezipunguza urefu, lakini maswali ni yenu wenyewe.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina mbwa mdogo wa manyoya meupe, ana kilo 6 na anaishi ndani. Kila baada ya wiki mbili nampeleka saluni ya mbwa, wanamkamua tezi za nyuma. Siku tatu nne hazijaisha, harufu ya samaki imerudi na anajiburuza makalio kwenye zulia. Nihamie saluni nyingine, au tezi zitolewe kabisa? *Mama wa Goba*

JIBU: Mama, kabla ya saluni nyingine na kabla ya kisu, tazama kinyesi chake. Hapo ndipo matatizo mengi ya tezi hizi yanapoanzia, na ndipo watu wengi hawaangalii.

Kila mbwa, dume kwa jike, ana vifuko viwili vidogo pembeni mwa tundu la haja kubwa, vimekaa chini ya ngozi katikati ya misuli. Kwa mbwa kama wako kila kimoja hakizidi ukubwa wa punje ya kunde. Ndani yake hutengenezwa majimaji ya kahawia yenye harufu kali, ambayo mbwa huyatumia kuacha alama yake. Ndiyo maana wakikutana hunusana nyuma. Kila kifuko kina mfereji mwembamba unaotokea ukingoni mwa tundu. Kinyesi kigumu kinapopita hukandamiza vifuko na majimaji hutoka kidogo kidogo bila mtu yeyote kujua. Kinyesi kikiwa laini hakuna kinachokandamiza. Majimaji hubaki, huganda yakawa kama dawa ya meno, na mfereji huziba. Mbwa wadogo huteseka zaidi kwa sababu mifereji yao ni myembamba mno.

Kukamua kila wiki mbili huondoa majimaji lakini sababu inabaki palepale. Isitoshe, kubinyabinya mara kwa mara huvimbisha mfereji, na mfereji uliovimba huziba upesi zaidi. Kwa hiyo simamisha ratiba ya saluni. Tezi zikamuliwe pale tu zinapokuwa zimejaa na mbwa anasumbuka.

Sasa chakula. Hukutuambia anakula nini, lakini mbwa wa ndani hapa mjini mara nyingi hupewa chai ya maziwa na mkate asubuhi, wali na mchuzi mchana, na vipande vya soseji kila mtoto anapomwonea huruma. Maziwa huwaharisha mbwa wengi waliokwisha kukomaa kwa sababu hawawezi kumeng'enya sukari yake. Mafuta ya mchuzi nayo hulainisha kinyesi, na kitunguu kilichomo ndani yake ni sumu kwa damu ya mbwa. Ondoa hivyo vyote. Mpe chakula cha aina moja, kwa kipimo kilekile, mara mbili kwa siku. Ukibadilisha chakula, changanya cha zamani na kipya kwa siku 7 ukiongeza kipya polepole, la sivyo utamharisha wewe mwenyewe.

Ongeza nyuzinyuzi. Boga lililochemshwa kwa maji matupu linafaa sana. Si lile la tui la nazi na sukari. Liponde, mbwa wa kilo 6 apate kijiko kimoja hadi viwili vya chai katika kila mlo. Wa kilo 20 na kuendelea anaweza kupata vijiko viwili vya chakula. Likikosekana, tafuta isabgoli kwenye maduka ya viungo ya Kariakoo au Upanga, yale maganda meupe yanayouzwa kwa ajili ya choo kigumu. Nunua isiyo na sukari wala ladha. Anza na nusu kijiko cha chai kwa mlo, iloweke kwenye maji mengi ivimbe kwanza, ndipo uchanganye na chakula. Ikiliwa kavu itafunga choo, nawe utakuwa umehama tatizo moja kwenda jingine. Ndani ya wiki mbili hadi tatu unataka kuona kinyesi kinachookoteka bila kuacha uchafu sakafuni. Boga likizidi, kinyesi kitakuwa kingi na laini tena, punguza.

Mbwa mnene naye tezi zake hazikandamizwi vizuri, kwa sababu mafuta yamezizunguka. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza, kama unavyohisi mifupa ya nyuma ya kiganja chako. Usipozihisi, punguza chakula kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi na umpime tena mwezi ujao.

Ukiyafanya haya yote na bado tezi zinajaa, mwombe daktari wa mifugo atafute mzio. Mbwa anayejilamba miguu, anayekuna masikio na kujiburuza makalio mara nyingi ana mzio wa viroboto, wa chakula au wa vumbi, na tezi ni sehemu tu ya ngozi iliyowaka. Upasuaji wa kuzitoa upo, ila ni hatua ya mwisho: mishipa ya fahamu inayofunga haja inapita jirani kabisa, na ikiguswa mbwa anaweza kudondosha kinyesi ndani ya nyumba maisha yake yote.

SWALI: Mimi nina mbwa wawili wa ulinzi, wakubwa. Daktari yuko mbali na bajaji nyingi zinakataa kubeba mbwa. Nifundisheni kukamua mwenyewe. *Msomaji, Kimara*

JIBU: Inawezekana, ndugu, kwa njia ya nje tu, na kwa mbwa asiye na uvimbe, damu wala maumivu makali. Mara ya kwanza mwombe daktari akuonyeshe kwa mkono wako mwenyewe. Maneno hayatoshi kufundisha nguvu ya kubinya.

Kwanza hakikisha zimejaa kweli. Kujiburuza mara moja baada ya kujisaidia si ugonjwa. Hata harufu ya ghafla mbwa anaposhtuliwa na fataki au radi ni kawaida, tezi zimejitoa zenyewe kwa woga. Kipimo chepesi ni karatasi nyeupe ya chooni: panguza pembeni mwa tundu, uinuse. Doa la kahawia lenye harufu ya samaki linatoka kwenye tezi. Usisahau pia kwamba mbwa anayejilamba nyuma atanuka samaki mdomoni, kwa hiyo usiwalaumu dagaa kabla ya kuangalia mkia.

Andaa glavu, pamba au karatasi nyingi, mafuta ya mgando, ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, na mtu wa pili anayefahamika na mbwa. Fanyeni nje, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mbwa asimame. Msaidizi amkumbatie shingoni kwa mkono mmoja na kwa mwingine ashike tumbo. Mfunge mdomo kwa bendeji pana au mtandio, fundo likae nyuma ya masikio. Lakini usimfunge mbwa mwenye pua fupi wala anayehema sana kwa joto, maana mbwa hujipoza kwa kuhema.

Inua mkia juu kabisa kwa mkono mmoja. Sasa tundu lichukulie kama uso wa saa ya ukutani. Vifuko viko pale panapoandikwa tarakimu 4 na tarakimu 8, chini kidogo upande wa kulia na wa kushoto. Weka kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili, chini ya vifuko. Vikiwa vimejaa utahisi vigololi viwili vinavyoteleza chini ya ngozi. Funika tundu kwa pamba, geuza uso wako pembeni, halafu sukuma vidole ndani kidogo na juu, ukivikaribisha kuelekea kwenye tundu. Nguvu ni ile ya kujaribu kama parachichi limeiva. Majimaji yanaweza kuruka mbali, na nguo ikiyapata utaijua kwa siku kadhaa.

Angalia kilichotoka. Majimaji mepesi ya kahawia au ya manjano yenye vipunje vidogo ni ya kawaida. Uji mzito wa kijivu au kahawia unaonyesha zilikuwa zimeziba. Damu, usaha au rangi ya kijani inakuambia uache hapohapo, umpeleke kwa daktari. Kama baada ya kubinya mara mbili tatu hakijatoka kitu, acha pia. Kosa kubwa ni kuongeza nguvu: kifuko kilichoziba kikibinywa kwa nguvu hupasukia ndani, uchafu ukamwagika kwenye nyama, na hapo umetengeneza jipu kwa mikono yako. Tezi ya namna hiyo daktari huikamua kwa kidole kilichoingizwa ndani, na wakati mwingine huisafisha kwa kuingiza mrija mwembamba kwenye mfereji.

Ukimaliza msafishe kwa maji ya sabuni, suuza, kausha, mpe kitu anachokipenda. Halafu tazama chakula chao kama tulivyomweleza mama wa Goba. Ugali wa dona unawafaa kuliko wa sembe kwa kuwa una pumba zake. Na mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa hunenepa na hubana haja mpaka afunguliwe usiku. Mtoeni asubuhi na jioni.

SWALI: Mbwa wangu wa kienyeji alivimba kando ya tundu la haja, uvimbe mwekundu. Jana umepasuka, unatoka usaha na damu, inzi wamejaa. Jirani anasema nipake oili chafu au unga wa betri. *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Usipake chochote kati ya hivyo, tafadhali. Oili chafu na unga wa betri huunguza nyama, na mbwa ataulamba mchanganyiko huo mpaka umfikie tumboni. Spiriti na dawa kali za kusafishia vidonda zisizochanganywa na maji nazo huua nyama changa inayojaribu kuziba kidonda.

Kuna uwezekano mkubwa kuwa hilo ni jipu la tezi. Kupasuka kumempunguzia maumivu, lakini kifuko bado kina uchafu ndani na kidonda kinaweza kujifunga juu kikiwa na usaha chini. Mpeleke kwa daktari leo au kesho asubuhi. Atampa dawa ya usingizi mwepesi, atakisafisha kifuko mpaka ndani, atampa antibayotiki na dawa ya maumivu ya mbwa. Antibayotiki zimalizwe zote, hata kama siku ya tatu anaruka na kucheza.

Wakati unasubiri, chemsha maji nusu lita, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yaache yawe ya uvuguvugu. Lowesha kitambaa safi, kiweke juu ya kidonda dakika 10, mara tatu kwa siku. Usikibinye. Mkalishe mahali penye wavu au moshi wa kufukuza inzi, kwa sababu inzi wakitaga hapo, funza wataonekana ndani ya siku moja au mbili na watakula nyama hai. Ukiona vitu vyeupe vinachezacheza ndani ya kidonda, hilo halisubiri kesho.

Asijilambe. Kola ya plastiki ikikosekana, kata tundu kwenye kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, funika ukingo wake kwa kitambaa na gundi ya karatasi, mvalishe kichwani na uifunge kwenye mkanda wa shingo. Macho yaone mbele na pua ipate hewa.

Na dawa za maumivu za binadamu zikae kabatini: diklofenaki, ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kumtoboa tumbo au kumharibu ini na figo. Kidonge kimoja tu chaweza kumuua mbwa mdogo.

SWALI: Mbwa anajiburuza makalio lakini hanuki. Kwenye manyoya ya mkia kuna vitu kama punje za mchele vilivyokauka. *Mwanafunzi, Ubungo*

JIBU: Hao ni tegu, mwanangu, na vile ni vipande vyao vilivyojaa mayai. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa, kwa mdomo, dozi moja tu. Vidonge vya minyoo vya kawaida visivyo na dawa hiyo haviwagusi.

Tegu hawa huletwa na viroboto: mbwa anajitafuna, anammeza kiroboto, na mnyoo unaanza upya. Ukitibu minyoo bila viroboto, punje zitarudi. Wengi hapa Dar hutumia dawa ya josho la ng'ombe yenye amitrazi wakidhani imemaliza kila mdudu. Amitrazi inaua kupe, kwa viroboto haina nguvu ya maana. Nunua dawa ya viroboto iliyoandikwa kwa ajili ya mbwa, kwa uzito wake, na usiikaribishe kwa paka: permethrini inayomfaa mbwa humuua paka. Fua matandiko kwa maji ya moto, fagia nyufa za banda, na uendelee kwa miezi 3, maana viluwiluwi vilivyojificha kwenye vumbi huendelea kuibuka muda wote huo.

Kama mnawalisha mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni, acheni. Kuna tegu mwingine anayepitia huko, mayai yake yakimwingia mtu hujenga uvimbe wa maji kwenye ini. Chemsheni nyama za ndani kwa nusu saa.

SWALI: Tezi zimetibiwa, asanteni. Ila sofa bado linanuka, na wageni wanaona haya kukaa. Nimemwaga manukato mpaka nimechoka. *Dada wa Tabata*

JIBU: Manukato hukaa juu ya harufu tu, dada. Futa kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi na sabuni ya vyombo. Kisha nyunyiza magadi soda ya kuokea, iache usiku kucha, uifagie asubuhi.

Ikigoma, changanya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 lita 1, magadi soda robo kikombe na sabuni ya maji ya vyombo vijiko viwili vya chai. Chupa ya famasi ikiandikwa asilimia 6, ichanganye nusu kwa nusu na maji kwanza. Jaribu upande wa chini wa sofa, kwa kuwa hupausha rangi. Paka, subiri dakika 10, futa kwa maji. Mchanganyiko huo utumike saa hiyohiyo. Ukiufungia kwenye chupa gesi itaipasua. Usichanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia kwa sababu yoyote ile, hewa inayotoka huunguza mapafu.

SWALI: Namwogesha kila siku kwa sabuni ya mche na bado ananuka mwili mzima. Tezi daktari anasema ni nzima. *Msomaji, Mbezi Beach*

JIBU: Huenda sabuni ndiyo inayoendeleza tatizo. Sabuni ya mche huondoa mafuta ya ngozi, ngozi inakauka na kuwashwa, mbwa anajikuna, na hewa yetu ya masika yenye unyevu inamalizia kazi: fangasi wa ngozi wanazaliana kwenye makwapa, shingoni na katikati ya vidole. Harufu yao ni ya mafuta yaliyochacha, na manyoya hunata mkononi.

Acha kuogesha kila siku. Tumia shampuu ya mbwa yenye kloreksidini na mikonazoli, mara mbili kwa wiki kwa wiki 3 hadi 4. Povu likae dakika 10 kamili kabla ya kusuuza; wanaolisuuza hapohapo hutupa hela. Mkaushe kwa taulo mpaka katikati ya vidole. Funua masikio uyanuse: nta ya kahawia yenye harufu ni ugonjwa wa sikio na inahitaji daktari kuangalia kama kiwambo ni kizima kabla ya kudondosha dawa. Fungua mdomo pia. Meno yaliyooza hunuka kuliko tezi. Na kama ni jike aliyetoka kwenye joto mwezi mmoja au miwili iliyopita, ananuka sehemu za uzazi, anakunywa maji sana na hali vizuri, acha shampuu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kizazi chaweza kuwa kimejaa usaha.

SWALI: Mbwa wangu ana miaka 11. Hanuki, hajiburuzi. Nimegusa uvimbe mgumu upande mmoja tu wa tundu, na siku hizi anamaliza bakuli la maji mara tatu kwa siku. Ni uzee? *Mzee wa Kigamboni*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Tusingeuita uzee. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, usio na maumivu, kwa mbwa wa umri huo, unaweza kuwa saratani ya tezi hiyo. Aina moja ya saratani hii hupandisha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ikipanda mbwa hunywa na kukojoa kupita kiasi, baadaye figo huumia. Ndiyo maana hilo bakuli la maji limetushtua kuliko uvimbe wenyewe.

Usiubinye wala usikubali ukamuliwe. Mwombe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari ampime kwa kidole, achukue chembechembe kwa sindano, apime kalsiamu na figo, na amfanyie altrasaundi ya tumbo kuona kama vifundo vya limfu vimekua. Ukipatikana mdogo na haujasambaa, upasuaji unaweza kumpa muda mzuri. Kama kliniki ya karibu haina vifaa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro hupokea wagonjwa wa rufaa. Maji usimnyime hata kidogo, mzee. Akinyimwa figo zitaumia haraka zaidi.

SWALI: Nilikuwa namkamua, akaning'ata kidole. Ni kadamu kidogo tu na amechanjwa. Kuna haja ya hospitali? *Kijana wa Sinza*

JIBU: Ipo. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, saa ileile, bila kulifunga wala kulipaka kitu. Halafu nenda kituo cha afya leo na kadi ya chanjo ya mbwa mkononi, waangalie tarehe yake na waamue kuhusu sindano za kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Mbwa afungwe peke yake siku 10, ale na kunywa kama kawaida, na akibadilika tabia, akidondosha mate au akifa, rudi hospitali usiku huohuo.